Goti la Umeme na Fundi wa Barabara ya Nane

Nyumbani kwa binamu yangu, hapa Ngamiani mjini Tanga, mguu wa bandia umetundikwa ukutani. Unaning'inia kwenye msumari baina ya kalenda ya mwaka jana na picha ya Al-Kaaba, umefunikwa kanga kuukuu usiingie vumbi, na vumbi limeingia vilevile. Si mguu wa mchezo huo. Ndani ya goti lake mna kompyuta ndogo inayopima jinsi mwenyewe anavyokanyaga, na kabla hajamaliza hatua imeshaamua goti likaze au lilegee. Akishuka ngazi linamshikilia, akiharakisha linamfuata. Magoti ya aina hii yalianza kuuzwa Ulaya mwaka 1997, na kwa bei ya moja mtu angesimamisha nyumba ya maana kule Mikanjuni. Mwenye mguu huo anatembea kwa magongo.

Aliupata Ghuba, alikokuwa dereva, baada ya ajali iliyomkata juu ya goti. Bima ya mwajiri ililipa. Aliporudi Tanga watoto wa mtaa walimfuata nyuma kama wanavyofuata ngoma. Masika mawili alitembea nao vizuri. Kisha chumvi ya pwani ikala pale chaja inapochomekwa, betri ikawa haishiki, na umeme wetu nao tunaujua ulivyo. Goti lile likiishiwa chaji halilegei, linakaza, ili mtu asipige chini. Ni busara ya mhandisi hiyo, ila kutembea nalo likiwa limekaza ni kama kufungwa banzi kuanzia nyonga hadi kisigino. Akawaandikia waliouuza. Jibu likaja kwa adabu zote: autume mguu mzima, nauli ya mzigo juu yake, gharama ya uchunguzi juu yake, na muda wa dhamana ulishapita. Siwataji, maana nadhani wenzao nao wangemjibu hivyohivyo.

Ng'ambo ya barabara anakaa ami yangu. Yeye mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti kwa kisukari, na wa bandia aliopewa ni plastiki juu, mpira chini, basi. Hauna waya hata mmoja. Kila siku baada ya sala ya alfajiri anakaa kibarazani na soksi zake za sufi zilizopangwa juu ya kigoda. Asubuhi huvaa moja kwenye kigutu kabla ya kukitumbukiza ndani ya mguu. Adhuhuri anaongeza ya pili. Alasiri, siku za joto, anaongeza ya tatu, kwa sababu kigutu hunywea kadiri mtu anavyokwenda na mguu huanza kucheza ndani. Akikosea hesabu ya soksi utamjua jioni kwa anavyokunja uso. Mwaka juzi mkanda unaoshika juu ya goti ulimkatikia njiani akitoka soko la Mgandini na fungu la mchicha. Akakokotwa kwa baiskeli hadi kwa fundi baiskeli wa Barabara ya 8. Fundi akakata kipande cha tairi kuukuu, akakipima kwa macho, akatoboa, akagonga ribiti mbili. Alilipwa shilingi elfu mbili na kikombe cha kahawa. Mkanda ule upo hadi leo.

Nimeieleza miguu hii miwili kwa sababu mjadala unaonifikia siku hizi, redioni na kwenye baraza za kahawa, umekaa upande. Watu wanauliza: je, ni sawa mwanadamu kuondolewa viungo vyake na kuwekewa vya mashine? Wanauliza kana kwamba ni jambo la kesho kutwa, na kana kwamba ugomvi ni baina ya nyama na chuma. Kwa maoni yangu nyama na chuma walishapatana zamani. Huko Misri, jijini Cairo, kimo kidole gumba cha mguu cha mti na ngozi, kilichofungwa kwenye maiti ya mwanamke aliyeishi karibu miaka 3,000 iliyopita, na watafiti waliotengeneza mfano wake wakawavalisha watu waliokatika vidole walikuta kinasaidia kutembea kweli. Hakikuwa pambo la kaburini tu.

Wanaosema dini inakataza, kwamba mwili ni amana, nawakumbusha kisa ambacho mashekhe wetu wanakijua vizuri kuliko mimi. Sahaba Arfaja alikatwa pua katika vita vya siku ya Kulab, zama za ujahili. Akajitengenezea pua ya fedha. Fedha ile ikamwozea, ikanuka, na Mtume akamwamuru aweke ya dhahabu. Dhahabu hiyohiyo ambayo mwanamume haruhusiwi kujipamba nayo! Kila nikikisikia kisa hiki naona hakikuishia kwenye halali na haramu. Kilifika hadi kwenye kitu chenyewe: kiungo cha kwanza kiliharibika, kikatafutwa kitakachodumu. Wenye kujadili viungo bandia leo wangeanzia hapo, tungekuwa mbali.

Na wanaoona jambo hili ni la Wazungu waje wamwone bibi yangu. Bibi ana kiungo cha bandia ndani ya kila jicho na hajawahi kukiita hivyo. Alitolewa mtoto wa jicho, akawekewa lenzi ya plastiki. Aliyebuni jambo hili, daktari Harold Ridley wa London, alianza mwaka 1949 baada ya kuona kwamba marubani wa vita walioingiwa na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege machoni hawakuvimba wala kuoza, jicho lilikaa navyo kwa amani. Wakubwa wa fani yake walimpinga miaka mingi. Bibi anasuka ukili. Wiki moja baada ya kufunguliwa bandeji alichukua jamvi aliloanza kabla ya operesheni, akalitazama sana, halafu akatuuliza nani amemchezea. Katika miyaa aliyoipanga kama nyeusi mlikuwa na zambarau. Mtoto wa jicho alikuwa amemla rangi zote za upande huo na asijue.

Lenzi ile haichajiwi. Haina programu. Kiwanda kilichoitengeneza kikifilisika kesho, bibi ataendelea kusuka. Ndiyo maana hatuijadili. Kiungo cha mashine kinakuwa tatizo pale kinapohitaji mtu mwingine akiangalie kila mara, na mtu huyo yuko mbali, au hataki, au hayupo tena. Swali langu ni moja tu basi, nalo ni la kifundi kuliko la kifalsafa: kikiharibika, nani atakishika, na yuko wapi?

Tazama moyo. Mtu wa kwanza kuwekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo ndani ya mwili alikuwa Arne Larsson, Msweden, mwaka 1958 mjini Stockholm. Kifaa cha kwanza kilizima baada ya saa chache. Hebu fikiria kama angekuwa ameletewa kwa meli! Lakini daktari wake, Åke Senning, alikuwa palepale, na mhandisi aliyekitengeneza, Rune Elmqvist, alikuwa palepale, na kifaa cha pili kilikuwa tayari. Larsson alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20 maishani mwake. Alikufa mwaka 2001 akiwa na miaka 86, baada ya kuwazika daktari na mhandisi wote wawili. Watu husimulia habari hii kusifu kifaa. Mimi naisoma kuwa ni habari ya mgonjwa aliyekuwa jirani na fundi wake, na fundi hakuchoka.

Sasa tazama jicho, habari ya upande wa pili. Marekani kulikuwa na kampuni iitwayo Second Sight iliyotengeneza kifaa kiitwacho Argus II kwa watu waliopofuka kwa ugonjwa wa retina. Miwani yenye kamera ilituma picha kwenye kibati chenye nukta 60 za umeme kilichowekwa ndani ya jicho, na mtu aliyekuwa gizani akaanza kuona mianga: huu mlango, hii kona, huyu mtu anapita. Si kuona kwa bibi yangu, lakini kwa aliyezoea giza tupu ni mengi. Watu kama 350 walifungiwa kifaa hicho. Kisha biashara ikawa ngumu, kampuni ikaacha kukitengeneza, mwaka 2020 ikapunguza wafanyakazi wake walio wengi, na wale waliokuwa na kibati ndani ya jicho wakaachwa na kitu kisicho na vipuri wala wa kumpigia simu. Kukitoa ni operesheni. Kukiacha ni kuishi na bati bubu kichwani. Wazee wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, nao walikuwa wanazungumzia nguo tu.

Na hata kampuni ikiwa hai, kiungo chenye mawasiliano kina milango. Dick Cheney, alipokuwa makamu wa rais wa Marekani, madaktari wake walizima mawasiliano ya kifaa cha moyo kilichokuwa kifuani mwake mwaka 2007, kwa kuhofia mtu asije akakifikia kwa mbali na kumdhuru. Miaka kumi baadaye, 2017, ikabidi programu za vifaa vya moyo vipatavyo 465,000 zifanyiwe marekebisho nchini humohumo kwa hofu ya wadukuzi. Mgonjwa anaingia kwa daktari kama tunavyopeleka simu kwa vijana wa madukani, moyo ukafanyiwe apdeti. Sisemi watu wasiwekewe. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inaviweka, na wapo wanaotembea leo kwa sababu hiyo. Nasema tu kwamba aliyewekewa ameingia mkataba wa maisha na watu asiowajua, na ni haki yake ayasome masharti kabla ya kulala mezani.

Muhimbili nako wameanza tangu mwaka 2017 kuwapandikizia watoto viziwi vifaa vya usikivu, ambavyo nusu hukaa ndani nyuma ya sikio na nusu hukaa nje. Ile nusu ya nje ndiyo yenye kula betri, ndiyo inayokatika waya, ndiyo inayoanguka mtoto akicheza kombolela. Mtoto wa Sahare au Pongwe akipata kifaa hiki, siku ya operesheni itakuwa na furaha na picha za simu. Mimi ningependa kujua habari za siku ya mia tisa.

Kuna kundi la pili barazani kwetu, la vijana, ambalo halina hofu kabisa. Mmoja wao, fundi simu, ana hoja anayoirudia kila kahawa inapomiminwa: iko siku mashine itashinda nyama, na siku hiyo mtu mwenye akili atakwenda kukatwa mguu mzima ili awekewe ulio bora. Anamtaja Oscar Pistorius, mkimbiaji wa Afrika Kusini aliyekatwa miguu yote miwili, aliyezuiwa mwaka 2008 kushindana na wenye miguu yao kwa madai kwamba vibao vyake vya kaboni vinampa faida, akakata rufaa akashinda, na mwaka 2012 akakimbia Olimpiki ya London. "Kama havikuwa bora," kijana anauliza, "walimzuia kwa nini?"

Ni swali zuri, nalo limenisumbua. Jibu nimelipata kwa ami. Mguu wake haukuanza kuoza kwa ajali kubwa. Alikanyaga msumari uliotoboa kandambili, akatembea nao tangu nyumbani hadi msikitini na kurudi, na hakujua, kwa sababu kisukari kilikuwa kimeua mishipa ya fahamu ya unyayo. Msumari uligunduliwa na mjukuu aliyeona damu sakafuni. Mguu wenye nguvu zote, mifupa mizima, misuli mizima, ulikatwa kwa kukosa kitu kimoja: habari. Sasa mguu wa mashine, hata wa binamu wenye kompyuta, ni mguu usiojua msumari. Maabara zinahangaika kurudisha hisia kwa kuunganisha vipima mguso na mishipa, na wamefika mbali kuliko nilivyodhani, lakini wanachokifukuza ni kile ambacho unyayo wa kijana yule unakifanya bure akivuka Barabara ya 8 pekupeku. Tena unyayo wake ukikatwa na chupa unajishona wenyewe usiku akiwa amelala. Anayekwenda kukata mguu mzima anajitia mwenyewe ile hali iliyompeleka ami kukatwa.

Vibao vya Pistorius, kwa taarifa ya kijana, ni vya kukimbilia. Kusimama navyo tuli ni kazi, na hakuna aliyekwenda navyo kuchota kaa ufukweni.

Wa tatu barazani ni mzee aliyestaafu kwenye mashamba ya mkonge, mkono mmoja. Mkonge uliingia nchi hii mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa ndiyo iliyonusurika safari ndefu. Korona, zile mashine za kuchambulia singa, zikafuata, na vigutu vikafuata korona. Yeye alikuwa wa kulisha majani. Jani likashikwa, na kitambaa alichojiviringishia mkononi kikashikwa nalo. Wakati fulani alipewa mkono wa bandia, wa kupachika, rangi yake ya maziwa ya chai. Aliuvaa Idi mbili. Fundi simu alipomwambia kwamba sasa iko mikono inayosoma misuli ya kigutu na kufunga vidole, mzee alitema kahawa kwanza. "Chuma ndicho kilichoula wa kwanza," alisema, "sasa unataka nikipe na nafasi yake?" Tulicheka, lakini ndani yake mna jambo linalojulikana na wataalamu: mikono ya bandia huachwa sana. Utafiti uliokusanya taarifa za miaka mingi ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne hatimaye huuweka kando, uwe wa kamba au wa umeme. Mkono mzito, wenye joto, usiojua kikombe kimejaa au kitupu, unakuwa mzigo kwa aliyekwisha kujifunza kufunga msuli kwa mkono mmoja na meno.

Kwa hiyo sipo kwa vijana, wala sipo kwa waoga. Aliyepoteza apewe, na apewe kilicho bora kadiri kitakavyoweza kutunzwa mahali anapoishi. Neno "bora" ndilo linalotuponza. Wahindi walilifikiria hili kabla yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mjini Jaipur, fundi mchongaji Ram Chandra Sharma na daktari P. K. Sethi waliona wagonjwa wao wanaitupa miguu mizuri ya kizungu. Miguu ile ilitaka kiatu, na haikujikunja vya kutosha mtu achuchumae. Kwa mkulima asiyevaa kiatu, anayekaa chini kula na kuchuchumaa chooni, ilikuwa miguu ya mtu mwingine. Wakatengeneza wayo wa mpira, uliochongwa kama wayo, unaokanyaga matope, unaokunjika, na ambao fundi wa kawaida aweza kuutengeneza. Ukasambaa dunia nzima kwenye nchi za vita na mabomu ya ardhini. Nadhani ami angemwelewa Sharma kwa lugha ya ishara tu. Nilipomuuliza siku moja anachokikosa zaidi, sikutarajia aseme choo.

Na sisi si maskini wa mafundi. Moshi, kwenye eneo la hospitali ya KCMC, kuna chuo kiitwacho TATCOT kilichoanza mwaka 1981, na wanafunzi wametoka nchi nyingi za Afrika kuja kujifunza hapo kutengeneza viungo bandia. Tatizo ni kwamba kutoka hapa hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 300, na mtu wa kigutu akikaa kwenye basi siku nzima kupitia Segera, Mombo na Same ili akabadilishiwe soketi iliyolegea, yaani pale kigutu kinapotumbukizwa, akifika amevimba na kigutu hakipimiki. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba mtu 1 tu kati ya 10 wenye kuhitaji vifaa saidizi, viungo bandia vikiwemo, ndiye aliyevipata. Mimi naongeza wale walioupata mguu ukawafia mikononi. Binamu yangu akihesabiwa leo ataandikwa kuwa ana mguu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Wanaokaa kupanga mafao, kama wataliangalia jambo hili, wasiandike "mguu wa bandia" wakapiga mstari. Mguu si karo inayolipwa ikaisha. Waandike soksi. Waandike wayo wa mpira utakaochakaa, na soketi mpya kila kigutu kinapobadilika. Waandike fundi mmoja aliyesomea Moshi, mwenye oveni na msasa, akae hospitali ya Bombo hapa Tanga au popote wanapoona panafaa, mwenye mshahara. Na kifaa chochote chenye betri au programu kinachoingizwa nchini kuwekwa ndani ya mwili wa mtu, muuzaji aulizwe mbele ya mashahidi: mkiondoka, mnatuachia michoro? Mnatuachia vipuri? Akisita, jibu limepatikana.

Jumamosi iliyopita fundi baiskeli alivuka barabara akaja kwa binamu na bisibisi zake ndani ya kopo la maziwa. Alikuwa akiuomba mguu ule tangu Ramadhani, binamu akimkatalia kwamba ukifunguliwa dhamana itakufa. Ami, aliyekuwa amekaa mlangoni na soksi zake mbili, akauliza dhamana ipi. Ukashushwa ukutani, kanga ikatandikwa juu ya meza. Kifuniko cha upande wa chaja kina skrubu nne za kichwa cha nyota, ndogo sana, ambazo hakuna bisibisi ya Tanga nzima, nadhani, inayoziingia. Fundi alizitazama kwa muda mrefu, akapiga picha kwa simu, akabandika kipande cha sabuni juu ya moja apate alama yake. Amesema atachonga mwenyewe kwa spoki.